Pedi Ndiyo Inayoamua Ugumu wa Gemu Ukae Wapi

Ukitaka kujua pedi, kile kifaa cha vitufe cha kushika mkononi, ina nguvu gani juu ya gemu, mchukue mtu aliyekulia kwenye PES, gemu ya mpira ya PlayStation 2, mkabidhi FIFA, gemu nyingine ya mpira, halafu usimwambie kitu. Pasi atapiga vizuri tu, maana kitufe cha eksi ni pasi kotekote. Beki atampita. Atabaki yeye na kipa, atabonyeza mraba kama alivyozoea miaka yote, na mpira utapaa polepole kwenda upande ambao hakuna mtu. Kwenye PES mraba ni shuti. Kwenye FIFA shuti liko kwenye duara, mraba ni krosi. Banda zima litacheka. Ndiyo sababu kwenye mabanda ya gemu, kabla hata timu hazijachaguliwa, lazima atokee mmoja wa kuuliza kama kontroli zimebadilishwa, na mwenye banda huwa ameshachoka kujibu.

Huyo aliyepaisha hajasahau mpira. Anajua nafasi iko wapi, anajua beki yupi mzito, anajua apige lini. Kilichomwangusha ni kidole.

Watu wengi huamini kwamba vitufe vikiwa vingi gemu ni ngumu na ya wakubwa, vikiwa vichache ni ya watoto. Mimi naona hesabu hiyo haiko sawa. Kuna ugumu unaokaa kichwani, wa kuamua, na kuna ugumu unaokaa kwenye vidole, wa kutekeleza ulichoamua. Idadi ya vitufe haikwambii kuna ugumu kiasi gani. Pedi inachofanya ni kuugawa. Anayebuni pedi ndiye anayechora mpaka, tena mara nyingi kabla gemu yenyewe haijaandikwa hata mstari mmoja. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na mkono wako hauna kazi zaidi ya kuokota na kusambaza, lakini unaweza kukaa barazani miaka na bado ukafungwa na mzee anayepiga soga huku anacheza.

Tuanzie mbali kidogo. Atari 2600, mashine ya gemu iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1977, ilikuja na kijiti na kitufe kimoja chekundu. Mtu mmoja wa pale Atari, Warren Robinett, alitaka kuhamishia kwenye mashine hiyo aina ya gemu za maandishi zilizokuwa zinachezwa kwenye kompyuta kubwa, zile za kuandika amri kwa kibodi: chukua taa, fungua geti, nenda kaskazini. Yeye kibodi hana. Ana kijiti na kitufe. Kwenye Adventure, iliyotoka 1980, akalimaliza tatizo hivi: kukigusa kitu ndiko kukichukua, kutoka ukingoni mwa skrini ndiko kwenda chumba kingine, na kile kitufe pekee ni cha kuacha ulichobeba. Basi. Hakuna kitufe cha kufungua begi, kwa hiyo begi hakuna, unabeba kitu kimoja tu.

Hapo ndipo utamu ulipo. Ukishika upanga kumkabili joka, ufunguo umebaki chini. Ukibeba ufunguo, joka likitokea huna silaha. Kuna daraja la kubebwa, kuna sumaku, na kuna popo anayezurura ramani nzima akiiba vitu na kuvihamisha. Kila hatua ni uamuzi wa nini ubebe na nini uache, na uamuzi huo umezaliwa na uhaba wa vitufe. Leo tungepewa begi la nafasi arobaini na menyu ya kulipanga, halafu tuambiwe gemu imekuwa ya kina zaidi.

Wenzao wa Mattel, kwenye mashine yao ya Intellivision, walikwenda upande wa pili kabisa. Pedi yake ilikuwa na vitufe 12 vya namba kama simu ya mezani, na kila gemu ilikuja na karatasi ya plastiki ya kuchomeka juu ya vitufe ili ujue namba ipi inafanya nini. Atari nao walirudia wazo hilohilo kwenye mashine yao ya Jaguar mwaka 1993, wakati dunia ilishaonyesha njia nyingine. Shida yake iko wazi: ukitafuta kitufe, macho yanatoka kwenye TV. Kuongeza vitufe ambavyo kidole hakiwezi kuvipata gizani ni kumpa mchezaji kazi ya karani. Nikiri kwamba kuna moja inayonivutia japo inavunja hoja yangu: Steel Battalion ya Xbox ya mwaka 2002, iliyouzwa na meza nzima ya kontroli, vitufe karibu 40, vijiti viwili na pedali tatu. Unaendesha roboti la vita, na usipobonyeza kitufe cha kujirusha nje kabla halijalipuka, gemu inafuta kumbukumbu yako yote. Hapo vitufe ndiyo gemu yenyewe. Sijui nani angeiweka sebuleni kwake, lakini nawaheshimu walioibuni.

Pedi tunayoijua sote ilianzia mikononi mwa Gunpei Yokoi wa Nintendo, aliyebuni msalaba wa mishale kwa ajili ya Donkey Kong ya mkononi mwaka 1982. Mwaka uliofuata msalaba huo ukaingia kwenye Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo, pamoja na A na B. Vitufe viwili tu vya kazi. Sasa mtazame Mario wa 1985. A ni kuruka. B ni kukimbia, na B hiyohiyo ni kurusha moto. Maana yake, ukiwa unakimbia ukataka kurusha moto, lazima uachie na kubonyeza tena. Na ukitaka kuruka huku unakimbia, gumba lazima lilale: ncha imekaa juu ya B, halafu unaliinamisha mpaka sehemu ya chini inagusa A. Hakuna aliyetufundisha kulaza gumba namna hiyo. Kila mtoto aliyecheza zile mashine za kaseti zilizoiga Famicom alijikuta anafanya hivyo, na ukimtazama leo bado gumba lake linalala.

Mashine zile za kuiga zilikuwa na kitu kingine ambacho hakikuwapo kwenye pedi ya kawaida ya Famicom: vitufe viwili vya ziada vya tabo, A ya haraka na B ya haraka. Unashikilia tu, risasi zinatoka mfululizo. Pedi ile ilikuwa na vitufe vingi kuliko asilia, na gemu ikawa rahisi zaidi. Anayehesabu vitufe ili kupima ugumu angepata jibu la kinyume.

Kwenye gemu za ngumi ndipo mgogoro ulipoonekana waziwazi. Street Fighter II ilitengenezwa kwa mashine za kumbi za michezo mwaka 1991 ikiwa na vitufe sita vya mashambulizi: ngumi tatu na mateke matatu, kwa nguvu tofauti. Pedi ya Mega Drive, mashine ya nyumbani ya Sega, ilikuwa na vitufe vitatu na Start. Ilipofika huko mwaka 1993, mwenye pedi ya zamani alilazimika kubonyeza Start ili kuhama kutoka ngumi kwenda mateke. Fikiria mtu anakurukia na wewe unabadilisha gia kwanza. Sega wakatoa pedi ya vitufe sita, na walifanya vizuri, kwa sababu gemu ile ilibuniwa sita ikiwa ndiyo lugha yake. Sisemi uhaba ni baraka kila mahali. Uhaba unafaa pale mbunifu anapouanza nao. Ukiletwa baadaye kwa nguvu, unakuwa ulemavu tu wa gemu.

Namco kwenye Tekken waliuliza swali jingine kabisa. Badala ya kuuliza mtu ana nguvu ngapi za kupiga, waliuliza ana viungo vingapi. Mraba ni mkono wa kushoto, pembetatu mkono wa kulia, eksi mguu wa kushoto, duara mguu wa kulia. Pedi ya PlayStation ikawa ramani ya mwili. Mtu asiyewahi kuishika anaeleweshwa kwa sentensi moja, na baada ya hapo kila anachokiona kwenye skrini anaweza kukikisia: hilo lilikuwa teke la kulia, basi ni duara. Sijaona mgawanyo mzuri kama huo kwenye gemu nyingine yoyote ya kupigana.

Ila Tekken 3 ilikuja na Eddy Gordo. Waliocheza mabandani wanamjua. Mbrazili wa kapoera, anayezunguka kwa mikono chini miguu juu, na ambaye ukibonyeza eksi na duara ovyo ovyo anatoa mateke yanayofuatana kama mtu aliyefanya mazoezi mwaka mzima. Mgeni wa siku ya kwanza alikuwa anamtoa fundi kwa Eddy, na fundi anatoka analalamika kwamba ule si mchezo. Nimekuwa upande wa fundi miaka mingi na bado niko huko, lakini nadhani tulimwonea mgeni. Eddy alikuwa mlango. Uzito wote wa vidole ulikuwa umeondolewa, na aliyebaki na Eddy tu aligundua upesi kwamba kuna watu wanaojua kukinga chini na kusubiri. Hapo ndipo kichwa kilipoanza kazi.

Vijiti vya gumba navyo vilileta jambo ambalo watu hawalitaji sana: viliondoa vitufe. Kwenye Super Mario 64 ya mwaka 1996 hakuna kitufe cha kukimbia. Ukisukuma kijiti kidogo Mario ananyata, ukikisukuma hadi mwisho anakimbia, na B iliyokuwa ya kukimbia ikapata kazi nyingine, ya kupiga ngumi. Msalaba ulijua ndiyo na hapana. Kijiti kilijua kiasi.

Ugumu wa kijiti cha pili ulichukua muda kukubalika. Mwaka 2000 PlayStation ya kwanza ilipata Alien Resurrection, gemu ya kupiga risasi ambayo kijiti cha kushoto ni cha kutembea na cha kulia ni cha kutazama. Kuna wahakiki walioilaumu vikali kwa mpangilio huo. Mwaka mmoja baadaye Halo ikatoka kwenye Xbox na mpangilio ule ule, na tangu hapo karibu kila gemu ya bunduki ya pedi inachezwa hivyo. Tofauti ilikuwa wapi? Halo iliusaidia mkono kimyakimya katika kulenga, ikakupa bunduki mbili tu za kubeba, na guruneti ikapata kitufe chake bila kupitia menyu. Walijua vidole vimeelemewa, wakapunguza mzigo kwingine. Ndiyo hesabu ninayoisema.

Sasa, jambo la ajabu: pedi iliacha kukua. Mpangilio wa DualShock ya Sony, uliofika mwaka 1997, ndio karibu mpangilio wa leo. Vijiti viwili, msalaba, vitufe vinne vya kulia, vinne vya mabegani: L1 na L2 kushoto, R1 na R2 kulia. Gemu ziliendelea kunenepa huku pedi imesimama, na kila kitufe kikaanza kufanya kazi mbili, tatu, nne.

Njia ya kwanza ya kutoka hapo ilionyeshwa vizuri na Nintendo kwenye Ocarina of Time, 1998. Kitufe cha A kinabadilika kulingana na ulipo, na pale juu ya skrini kuna alama inayokwambia sasa hivi A ni nini: kufungua, kupanda, kuongea. Njia ya pili ni ya GTA: San Andreas ya PlayStation 2. Ukiwa unatembea, eksi ni kukimbia, mraba kuruka, R1 kulenga. Ukiingia garini, eksi ni mafuta, mraba breki na rivasi, R1 breki ya mkono. Pedi nzima imehama maana na hakuna aliyechanganyikiwa, kwa sababu kufungua mlango wa gari kunatosha kuuambia ubongo kwamba sasa tuko dunia nyingine.

Njia ya tatu ndiyo inayonikera. Red Dead Redemption 2 ya mwaka 2018 ni kazi nzuri kwa mengi, lakini kwenye PS4 ukiwa mikono mitupu L2 ni kumtazama mtu ili umsalimie, na ukiwa umeshika bunduki L2 hiyohiyo ni kumlenga. Unafika mjini, unataka kumwambia mtu habari za asubuhi, unamwelekezea bastola usoni. Anapiga kelele, askari wanakuja, na wewe bado unatafuta kitufe cha kuomba radhi. Mabadiliko ya maana hapo hayana mlango wa gari. Yanategemea ukumbuke mkononi una nini, na ulilala na silaha gani jana usiku.

Turudi kwenye mpira, maana mfano ninaoupenda kuliko yote uko huko. Mpaka FIFA 11, kukaba ilikuwa ni kushikilia eksi. Mchezaji wako alimfuata mwenye mpira mwenyewe na kumnyang'anya mwenyewe. Kazi ya kidole ilikuwa kutokuachia. Mwaka 2011 EA Sports wakaleta FIFA 12 na ukaba mpya. Eksi sasa inamfanya beki amwandame mpinzani kwa umbali tu, na kunyang'anya ni kitufe kingine, kwa sekunde utakayoichagua wewe. Ukiwahi, umepitwa. Ukichelewa, yupo na kipa.

Pedi ilikuwa ileile. Hakuna kitufe kilichoongezwa wala kupunguzwa. Lakini watu waliokuwa wanatesa wenzao mwaka mzima walianza kufungwa mabao manne, matano. Kumbe hawakuwa wanajua kukaba. Pedi ilikuwa inawakabia. Kwenye banda nililokuwa nachezea kulizuka ugomvi wa wiki nzima, mpaka ukaba wa zamani ukarudishwa kupitia mipangilio ya gemu, kwa sababu wateja walianza kupungua. Mimi nilikuwa wa wachache waliotaka mpya ubaki. Kwa mara ya kwanza gemu ile iliniuliza swali ambalo beki wa kweli huulizwa: uende sasa, au umsubiri?

Na kuna pedi mbovu, ambayo hakuna mbunifu aliyeikusudia. Kila banda linayo. Mgeni ndiye anayepewa. Ya kwetu ilikuwa na R1 iliyokufa, na kwenye PES R1 ndiyo mbio. Kuwa na Adriano au Henry bila R1 ni sawa na kuwa na mtu yeyote tu. Wengi walikataa kuishika. Kulikuwa na kijana mmoja mtaratibu ambaye aliizoea, akawa anacheza pasi fupi fupi, L1 na eksi kwa ajili ya moja-mbili, pembetatu ya kupenyeza, mpira haukai mguuni zaidi ya kufumba na kufumbua. Wenye pedi nzima walikuwa wanakimbia pembeni na kupiga krosi mechi baada ya mechi. Yeye alikuwa anacheza mpira mwingine kabisa. Alipopewa pedi nzima hakubadilika sana, na R1 aliitumia kama chumvi.

Kwenye simu mambo yamegeuka. Gemu ya nyoka ya Nokia 6110, mwaka 1997, ilitumia 2, 4, 6 na 8, na zilikuwa zinatosha kwa sababu vitufe vile vilikuwa na kingo. Ulicheza ukiwa kwenye daladala bila kutazama kidole. Kioo cha kugusa hakina kingo. Kidole hakijui kimefika wapi, na juu ya hapo kinafunika picha unayotakiwa kuiona. Baadhi wakaamua gemu nzima iwe ni kugusa mara moja tu. Flappy Bird ya Dong Nguyen wa Vietnam, 2013, ilikuwa hivyo: gusa, ndege anaruka. Na ilikuwa ngumu kupita kiasi, ugumu wote umekaa kwenye ncha ya kidole kimoja, kichwani hamna kitu. Wanaosema kitufe kimoja ni cha watoto wangepewa hiyo.

Wengine wakachagua kuhamishia PlayStation nzima kwenye kioo. PUBG Mobile ilipokuja 2018 ilijaza skrini kwa vitufe vya kuchorwa, na kwa kuwa gumba mbili hazitoshi, gemu inakuokotea vitu yenyewe unapopita juu yake. Inafanana na Robinett wa 1980, ila yeye alikuachia swali la nini ubebe. Wanaocheza kwa kushindana hawaridhiki na gumba mbili. Wanaikunja mikono kama makucha, vidole vya shahada vimepanda juu ya kioo kufanya kazi ya L1 na R1. Na madukani vinauzwa vitufe vya kubana juu ya simu, ili uwe na kitu cha kubonyeza. Kampuni ziliondoa vitufe, wateja wanavinunua tena kimoja kimoja.

Mwaka huohuo wa 2018 Microsoft walitoa pedi kwa ajili ya watu wenye ulemavu, Xbox Adaptive Controller. Ni ubao mweupe wenye vitufe viwili vikubwa vya duara, na nyuma una matundu 19 ya kuchomeka vitufe vyovyote vya nje: cha mguu, cha kiwiko, cha kichwa. Mimi naiona pia kama kipimo kizuri cha gemu. Gemu za kupokezana zamu, ambazo uzito wake uko katika kuamua, zinachezeka humo karibu bila kupoteza kitu. Zile zinazodai vijiti viwili, L2 na duara kwa wakati mmoja ndani ya nusu sekunde zinaanza kudondoka, na inabidi mtengenezaji aseme kama ule ugumu wa vidole alikuwa anauhitaji kweli au aliurithi tu.

Wachache wameanza kujibu. The Last of Us Part II ya 2020 iliruhusu kupanga upya pedi nzima, na pale inapotaka ubonyeze mfululizo unaweza kuchagua kushikilia tu. Nimeicheza hivyo, na vidole vyangu ni vizima. Sijawahi kukutana na mtu aliyeweza kunieleza mlango wenye kutu unakuwaje wa kusisimua zaidi kwa kuupigia kitufe mara ishirini.